Ruzuku ya Hijja: fedha ni za nani?

Mahujaji wakisharudi, na maji ya Zamzam yakagawiwa kwa vikombe vya kahawa, hapa Ujiji huja msimu wa maswali. Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Alisimama kikaoni, upande wa akina mama, akasema: "Nasikia Indonesia na Malaysia mtu analipiwa nusu ya Hijja. Huku kwetu mpaka mtu auze shamba la michikichi ndipo aende. Kwa nini mfuko wetu na wenyewe usitulipie nusu?"

Daftari la mfuko huo, ambao ni mfuko wetu wa Hijja wa sadaka na akiba, nalishika mimi, kwa hiyo kikao kizima kiligeuza shingo upande wangu. Nikamwambia, "Mama yangu, nipe wiki mbili." Nilichomletea baada ya wiki mbili ndicho ninachokiandika hapa. Swali lake ni zuri, na majibu mafupi yanayozunguka mitaani yanapotosha. Nusu ile kweli imekuwa ikilipwa. Ila hailipwi na serikali kama wengi wanavyodhani, na nchi zenyewe zinazoilipa zinahangaika kuipunguza kabla haijazizamisha.

Tuanze na bei, maana ruzuku ni kivuli cha bei. Hijja si tiketi ya ndege peke yake. Kuna malazi ya Makka na Madina, mabasi, viza, bima, na zile siku chache za Mina, Arafa na Muzdalifa zenye mahema, chakula na usafiri wake. Siku hizo ni chache kuzihesabu, lakini zinaweza kupindua bajeti ya nchi nzima. Mwaka 2022, Saudia ilipofungua tena Hijja kwa watu wa nje baada ya korona, Indonesia ilikuwa imetenga riyali 1,531 kwa kila hujaji kwa ajili ya huduma hizo. Wiki chache kabla ya safari ikaletewa bei mpya: riyali 5,656. Kabla ya hapo, Julai 2020, kodi ya ongezeko la thamani kule ilikwisha kupandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Bei hizo anazipanga mwenyeji, na mgeni hulipa.

Halafu kuna sarafu, na hapa ndipo watu wa Kigoma tunapoumia bila kuona kilichotugonga. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kima cha 3.75 tangu mwaka 1986. Maana yake, shilingi ikiteleza mbele ya dola, Hijja inapanda hata kama Makka hakuna kilichopanda. Chukua safari ya dola 5,000; naitumia namba hii kwa hesabu tu, si bei ya wakala yeyote. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, kwa hiyo safari hiyo ni milioni 11 na nusu. Kufikia Oktoba 2024 dola ilikuwa imegonga 2,700, na safari ile ile ikawa milioni 13 na nusu. Aliyekuwa akiweka akiba yake kwa shilingi amerudishwa nyuma milioni mbili, na hakuna mtu aliyemwibia.

Sasa ruzuku. Mtu akikwambia "Hijja yangu imepunguzwa bei", jua kwamba bei haikupungua. Hoteli imelipwa kamili, ndege imelipwa kamili. Kilichotokea ni kwamba kuna mfuko mwingine uliolijaza pengo. Swali la kwanza, kabla ya kuuliza ni kiasi gani, ni mfuko huo ni wa nani. Nimesoma habari za nchi kadhaa, na kila palipoharibika, paliharibika kwa sababu swali hilo liliachwa bila jibu.

Indonesia ndiyo inayopeleka mahujaji wengi kuliko nchi yoyote. Mgao wake wa kawaida ni watu 221,000, kwa kufuata kanuni iliyokubaliwa na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu mwaka 1987 ya hujaji mmoja kwa kila Waislamu elfu moja. Wanaotaka kwenda ni wengi mno kuliko nafasi, kwa hiyo kuna foleni, na kuingia kwenye foleni mtu hutanguliza rupia milioni 25. Waliomo kwenye foleni wanazidi milioni tano. Kuna wilaya ambako mtu aliyejiandikisha aliambiwa asubiri zaidi ya miaka 40.

Fedha za watu milioni tano zikikaa mahali pamoja huwa mlima. Kufikia mwisho wa 2022 zilikuwa karibu rupia trilioni 166, chini ya shirika linaloitwa BPKH, lililoanza kazi mwaka 2017 kwa sheria ya 2014. Shirika huziwekeza kwenye sukuki, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, na kwenye benki za Kiislamu, na faida yake ni kama trilioni 10 kwa mwaka. Faida hiyo ndiyo ruzuku. Si kodi ya mwananchi wala zawadi ya rais. Ni matunda ya akiba ya watu waliomo kwenye foleni.

Hapo mama wa Kibirizi alinikatiza: "Basi si ni zao? Wanalipiwa kwa pesa zao wenyewe." Karibu sawa, lakini si sawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo kisa chote.

Sisi sote tunaujua upatu. Watu kumi mnachanga elfu hamsini, kijumbe anakusanya, kila mwezi mmoja anapokea laki tano. Upatu ni haki kwa sababu wa kwanza na wa kumi wanapokea sawa. Sasa fikiria kijumbe aliyeanza kumpa wa kwanza laki saba, kwa kuchota kidogo kwenye zamu za waliobaki. Wa kwanza atamsifu sana. Wa pili naye. Lawama zitaanza kwa wa nane, wakati huo wa kwanza amekwisha kuhama mtaa.

Angalia hesabu za Hijja ya Indonesia ya mwaka 2023. Gharama kamili kwa mtu ilikuwa wastani wa rupia milioni 90. Hujaji alilipa milioni 49.8, na milioni 40.2 zikatoka kwenye faida ya mfuko. Waliokwenda kwa mpango wa kawaida walikuwa laki mbili na ushei. Zidisha: trilioni 8 na kitu. Kati ya faida ya kama trilioni 10, kama trilioni 8 zimewahudumia watu laki mbili, na zilizobaki, kama trilioni mbili, ndizo za kugawiwa watu milioni tano walio nyuma. Kila mmoja wao anapata kama rupia laki nne. Anayekwenda leo ameondoka na fungu mara mia moja ya fungu la anayesubiri, na wote walitanguliza milioni 25 zile zile. Aliyeweka siku nyingi ana haki ya kupata zaidi ya aliyeweka juzi, hilo sibishi. Lakini mara mia?

Wala haikuanza hivyo. Mwaka 2010 ruzuku hiyo ilikuwa chini ya rupia milioni 5 kwa mtu. Kila mwaka bei ya Saudia ilipopanda, wanasiasa waliogopa kumpandishia hujaji, wakaona ni afadhali kuchota kidogo zaidi mfukoni. Kufikia 2022, baada ya ile bei mpya ya Mina na Arafa, hujaji alilipa milioni 39.9 katika gharama ya milioni 98.4. Karibu asilimia 60 ya safari yake ililipwa na wenzake waliobaki nyumbani. Hakuna aliyepiga kura kwamba iwe hivyo. Ilijengeka kidogo kidogo.

Januari 2023 wizara husika ilipendekeza hujaji alipe milioni 69. Watu walipiga kelele, na kelele zao zilikuwa na haki ndani yake, maana mtu aliyesubiri miaka kumi na zaidi, akajiandaa kwa milioni 40, anaambiwa miezi michache kabla ya safari kwamba aongeze karibu 30 nyingine. Bunge likashusha hadi hizo 49.8. Mwaka uliofuata alilipa milioni 56 katika 93.4, na 2025 milioni 55.4 katika 89.4. Yaani sehemu ya hujaji imesogezwa kutoka asilimia 40 hadi 62 kwa miaka mitatu. Na Mei 2024 Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika mkutano wake wa fatwa, lilisema wazi kwamba kutumia faida ya akiba ya wanaosubiri kulipia Hijja ya watu wengine ni haramu. Fatwa hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nitasema kwa nini. Mwaka 2023 mzee wetu mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuwa amekamilisha fedha zake. Dola ikapanda, akapungukiwa shilingi milioni moja na laki nane, na siku za kulipa zimekwisha. Kamati ilikaa usiku baada ya Isha. Tukalijaza pengo lile kutoka kwenye mfuko, na mfuko wenyewe tulikuwa tumechanganya sadaka na akiba za watu waliokuwa bado hawajafikia kwenda. Niliandika mimi, nikatia saini mimi. Mzee alikwenda, akarudi, tukafurahi naye. Mwaka uliofuata mjane mmoja akaugua, akataka akiba yake arudishiwe atibiwe. Haikuwa kamili. Tulizunguka kwa wafanyabiashara wa mawese na wa vitenge kuomba mkopo, siku nne, wakati yeye amelala. Alirudishiwa yote, Alhamdulillahi, lakini zile siku nne bado zinanikaa rohoni. Tulichofanya kwa shilingi milioni moja na laki nane ndicho kilichofanywa Indonesia kwa matrilioni: kumhurumia aliye mbele yako kwa mali ya asiyekuwepo kikaoni.

Malaysia ina historia nyingine, na inatufaa sana kwa sababu ilianza na watu kama sisi. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Aziz, aliandika kwamba wanavijiji walikuwa wakificha pesa za Hijja majumbani, wakiuza ardhi na mifugo ili waende, kisha wakirudi wanakuwa mafukara. Mwaka 1963 likaanzishwa shirika la akiba ambalo leo linajulikana kama Tabung Haji. Mtu anaweka kidogo kidogo, fedha zinawekezwa kwa njia ya halali, na mwenye akiba anapewa gawio lake. Ni wazo zuri, na bado naliona hivyo.

Ugonjwa uliingia pale shirika moja lilipotakiwa kufanya mambo mawili yanayovutana: kugawa gawio kubwa kila mwaka ili wenye akiba wafurahi, na kushikilia bei ya Hijja isipande. Kwa miaka mingi, kuanzia 2009, hujaji alilipa ringgit 9,980, wakati gharama halisi ilikuwa ikipanda juu ya kichwa chake. Ukaguzi uliofanyika baada ya mabadiliko ya serikali ya 2018 ukaonyesha kwamba mwishoni mwa 2017 mali za shirika zilikuwa pungufu ya madeni yake kwa ringgit bilioni 4.1, na bado gawio lilikuwa likitolewa. Ikabidi mali zilizoshuka zihamishiwe kampuni ya Wizara ya Fedha kwa ringgit bilioni 19.9 ili shirika lisimame tena.

Baada ya hapo Malaysia ilifanya jambo ambalo nadhani ndilo la busara kuliko yote niliyoyasoma. Iliacha kumsaidia kila mtu sawa. Mwaka 2023 gharama halisi ilikuwa ringgit 30,850. Walio katika asilimia 40 ya chini ya kipato walilipa 10,980, wa kati 12,980, na asilimia 20 ya juu wakalipa gharama yote. Mwaka 2025 gharama ilipofika 33,300, mafungu yakawa 15,000, 23,500 na 33,300. Hata aliye chini amepandishiwa, na sitaki kuficha kwamba inauma. Lakini mwenye duka la ghorofa hachotewi tena kutoka akiba ya mkulima wa mpunga.

India ilitumia hazina ya serikali. Msaada wenyewe ulikuwa kwenye nauli ya ndege. Kwa kuwa msaada ulifungwa kwenye nauli na mashirika ya ndege yalikwisha kuchaguliwa, viongozi wengi wa Kiislamu wenyewe walilalamika kwamba anayenufaika ni shirika la ndege. Mei 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru ruzuku ipunguzwe hadi iishe ndani ya miaka kumi, na katika hukumu yake ikanukuu aya ya 97 ya Surat Aal-Imran, inayoifanya Hijja wajibu kwa mwenye uwezo wa kuiendea. Iliisha mapema, mwaka 2018, na mwaka huo huo walihiji Wahindi 175,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Nigeria nayo ilionja upande wa sarafu: naira ilipoanguka, Machi 2024 watu waliokwisha kulipa waliambiwa waongeze karibu naira milioni 1.9 kila mmoja, na serikali ikatoa bilioni 90 kupunguza makali. Msaada wa aina hiyo ukishautoa mwaka mmoja, mwaka wa pili kila mtu anausubiri.

Kwetu Tanzania mlango wa hazina umefungwa tangu mwanzo. Ibara ya 19 ya Katiba inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kuna ndugu wanaoliona hilo kama kunyimwa. Mimi, baada ya kusoma ya India, silinung'unikii. Linatulazimisha kujenga cha kwetu.

Cha kwetu kikoje? Kwanza nilikiomba kikao tuvunje ule mfuko mmoja. Akiba ya mtu ni amana, iandikwe kwa jina lake, ikae kwenye akaunti ya benki isiyo na riba, na kamati isiwe na ruhusa ya kuigusa hata kwa saa moja. Sadaka za Hijja ziwe mbali. Mtu mmoja alipendekeza tutumie zaka. Nilichojifunza kwa masheikh ni kwamba wanazuoni wengi hawaioni Hijja kuwa katika mafungu manane ya zaka, ingawa katika madhehebu ya Hanbali wapo wanaoiingiza katika "fii sabilillah", yaani katika njia ya Mwenyezi Mungu. Penye hitilafu kubwa namna hiyo, na mayatima tunao mtaani, sikuona sababu ya kuligusa fungu lao.

Kinachobaki ni wakfu, na hapa Kigoma hatuna kisingizio. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza ashike shina na atoe matunda yake. Shina letu ni mchikichi. Miche bora ya aina ya tenera, inayozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Kihinga, huanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu na huendelea kwa miaka ishirini na zaidi. Mzee mmoja ametoa ekari zake, ndugu wawili wametoa vyumba vya kupangisha Mwanga. Mwaka mzuri huenda vikaleta milioni sita. Hapo ndipo ilipo tofauti na kijumbe mbaya: matunda ya mchikichi wa wakfu si akiba ya mtu. Aliyelitoa shamba alilitoa akijua hatalirudishiwa.

Milioni sita zitafanya nini? Mama alitaka nusu. Nusu ya milioni 13 na nusu ni 6.75; hazitoshi hata hujaji mmoja. Ndiyo maana nilisimama kwamba msaada uwe kiasi kinachojulikana, usiwe sehemu ya bei. Ukiahidi nusu, umempa Saudia na dola kalamu ya kuandika kwenye daftari lako. Ukisema milioni tatu kwa mtu, watu wawili kwa mwaka, ambaye hajawahi kuhiji na ambaye amekwisha kuweka sehemu yake kubwa, basi bei ikipanda mfuko unabaki hai. Na mwaka mawese yakishuka, anasaidiwa mmoja.

Mzee mmoja aliuliza kama anayelipiwa na wakfu anahesabiwa mwenye uwezo. Sheikh wetu alimjibu kwamba wanazuoni wengi hawamlazimishi mtu kupokea fedha za mwingine ili ahiji, lakini akizipokea na akahiji, Hijja yake inasihi. Nilimwona yule mzee ameshusha mabega.

Mwisho wa kikao mama wa Kibirizi alinifuata kwenye baraza. "Haya, mwanangu, mimi nihesabie." Tukakaa. Yeye hupata pesa wakati wa giza, maana mbalamwezi dagaa hawavuliwi. Mwaka ziwa linapofungwa, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, giza zinabaki tisa. Anaweza kuweka laki moja kila giza, laki tisa kwa mwaka. Kwa milioni 13 na nusu ni miaka 15. Kwa msaada wa milioni tatu ni miaka 12 kasoro kidogo, na dola ikitulia. Ana miaka 48. Alinyamaza akitazama njia ya kushuka ziwani, akauliza kama akiuza na mawese kidogo miezi ile ya ziwa kufungwa itakuwaje. Tukaanza kuhesabu upya.